Sato wa kizimba na sato wa ziwani: nani ana mafuta bora?

#1 Mlaji wa Igoma (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Naomba tuliweke sawa hili jambo. Hapa Mwanza ukisimama kununua sato unaulizwa kwanza, "wa ziwani au wa kizimba?", yaani aliyevuliwa akiwa huru au aliyefugwa kwenye wavu ndani ya ziwa. Wateja tumegawanyika. Wapo wanaosema wa kizimba ana mafuta mengi, na mafuta ya samaki ndiyo omega-3, kwa hiyo huyo ndiye wa kumpa mtu mwenye shida ya moyo. Wapo wanaosema mafuta yale ni ya chakula cha kiwandani, yale yale ya kuku wa kisasa, na samaki wa kweli ni wa ziwani.
Ninachokiona kwa macho ni hiki: wa kizimba ukimpasua unakuta mafuta meupe yamezunguka utumbo, tandiko zima. Wa ziwani hana, au anayo kidogo sana. Ziwa moja, maji yale yale, samaki yule yule. Tofauti inatoka wapi? Na mafuta yapi yana faida kwa mlaji? Wafugaji, wavuvi na wenye taaluma, karibuni.

#2 Mwana wa Ukara
Jibu ni jepesi mkuu. Wa ziwani anatafuta riziki. Anakimbizwa na sangara, anakimbia nyavu, anashinda njaa siku nyingine. Wa kizimba analetewa mezani asubuhi na jioni, anageuka tu pale pale. Atakosaje kitambi?

#3 Fundi Vizimba
#2 hoja ya mazoezi ipo lakini umeikuza. Mimi nafuga, na nakuhakikishia tandiko la mafuta tumboni linatokana zaidi na ulishaji. Ukiwapa chakula chenye nguvu nyingi na protini pungufu, au ukimwaga bila kupima uzito wao, ile ziada haina pa kwenda. Inakaa tumboni. Vizimba viwili vinaweza kuwa jirani kabisa, mwenyewe mmoja anapima chakula na mwingine anakadiria kwa ndoo. Siku ya kuvuna, pasua samaki wa pande zote mbili uone kama mafuta yanalingana.
Na tusimhukumu sato kwa kitambi. Yale mafuta ya utumbo mnayatupa. Kinacholiwa ni mnofu, na mnofu wa sato ni mkavu, awe wa ziwani au wa kizimba.

#4 Mwanakemia
Fundi #3 amegusa jambo ambalo wengi wanalipita. Mada ina maswali mawili na yamechanganywa: mafuta ni mengi kiasi gani, na ni mafuta ya aina gani. Hayaendi pamoja lazima.
Wingi: sato mbichi wa kufugwa kwenye majedwali ya lishe ana mafuta kama gramu 1.7 tu kwa gramu 100 za mnofu. Huyo ni samaki mkavu kabisa.
Aina: omega-3 zile tunazozisifu kwa moyo na ubongo, EPA na DHA, kwa asili zinatengenezwa na mwani mdogo wa majini. Vijidudu vinakula mwani, samaki wadogo wanakula vijidudu, wakubwa wanakula wadogo, na mafuta yanapanda nao. Samaki wa maji baridi kama sato wana uwezo fulani wa kujitengenezea DHA kutoka kwenye mafuta ya mimea, lakini si mkubwa. Kwa hiyo ukitaka kujua mafuta ya samaki, uliza alikula nini. Chakula cha vizimbani kimejaa soya, mahindi, pumba na mashudu ya alizeti. Mafuta ya soya karibu nusu yake ni asidi ya linoleiki, ambayo ni omega-6, kundi jingine la mafuta. Ya mahindi ni zaidi kidogo ya nusu, na alizeti ya kawaida inafika hata asilimia 60. Hiyo ndiyo inayoingia kwenye mnofu.
Mfano wa kubuni, kwa hesabu tu: wa ziwani ana gramu 1 ya mafuta na asilimia 15 yake ni omega-3. Wa kizimba ana gramu 2.5 na asilimia 6 ni omega-3. Wote wawili wamekupa miligramu 150. Lakini wa kizimba amekupa na omega-6 nyingi juu yake. Sasa ukisoma asilimia utasema wa ziwani kashinda, ukisoma gramu utasema wametoka sare. Nusu ya ugomvi wa mada hii unatoka hapo.

#5 Chakula ni Dawa
Asante #4, lakini umelainisha mno. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, walipima samaki wanaoliwa sana kule, wakakuta sato wa kufugwa na kambale wa kufugwa wana omega-6 za mnyororo mrefu kuzidi omega-3. Wakasema kwa mtu mwenye maradhi yanayotokana na uvimbe wa kuwaka ndani ya mwili (inflammation), sato huyo anaweza kuwa mbaya kuliko baga au bekoni. Hiyo ni maabara, si maneno ya sokoni. Wagonjwa wa baridi yabisi na moyo wakae mbali na wa kizimba. Ndiyo ushauri wangu.

#6 Mwanakemia
#5 utafiti upo na vipimo vyao sivipingi. Kilichopingwa ni tafsiri. Mwezi Julai mwaka ule ule kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali, akiwemo mtafiti wa omega-3 William Harris, waliandika barua ya wazi wakisema si sahihi kumwambia mtu aache sato ale bekoni. Sababu ni ile ya wingi: bekoni mbichi ina zaidi ya gramu 35 za mafuta kwa gramu 100, na kama theluthi yake ni mafuta magumu. Sato hafiki gramu 2 au 3. Huwezi kulinganisha uwiano wa kijiko na uwiano wa kikombe ukasahau kijiko na kikombe vyenyewe.
Jambo la pili, wale samaki walikuwa wa masoko ya Marekani, wamelishwa vyakula vya huko walikotoka. Sato wa Ilemela amelishwa nini? Hilo anajua aliyemlisha.

#7 Jaduong' wa Dunga
Sasa wadau. Huku Kisumu hii mjadala ilitumaliza koo mwaka wa 2018 wakati wa kelele za samaki wa China. Wavuvi walisema samaki wa barafu kutoka nje wameua soko, wauzaji wakasema bila hao watu hawangekula samaki. Hakuna aliyeuliza mafuta. Waliuliza bei na kama ni salama.
Kitu moja naongeza: msiseme "wa kizimba" kama ni kitu kimoja. Kuna huyu wa cages zetu za Siaya na Homa Bay, anaonja vijidudu vya ziwa vinavyopita kwa nyavu. Kuna wa bwawa la nyuma ya nyumba, anakula majani ya viazi, mabaki ya ugali na mwani unaoota kwa mbolea ya ng'ombe. Na kuna wa nje. Hao watatu mafuta yao hayawezi kuwa sawa.

#8 Mtu wa Ujiji
Watu wa Mwanza mnagombania gramu 1.7 ya mafuta? Njooni Kigoma mle mgebuka. Ukimbanika moto unawaka wenyewe kwa mafuta yanayodondoka. Ziwa Tanganyika lina dagaa wake, mgebuka anakula dagaa, sisi tunakula wote wawili. Omega iko hapo, hakuna pumba wala mashudu.

#9 Mwana wa Ukara
#8 tulia, sangara naye akibanikwa anawasha moto. Wazee wetu alipoingia walishindwa kumkausha juani kama sato kwa sababu ya mafuta, ikabidi akaushwe kwa moshi au akaangwe. Na mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu, watu wanayakaanga kwa mafuta yake yenyewe. Tukitaka mafuta tunayo.

#10 Mmatengo Bergen
Salaam kutoka Norway. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha samoni, na hili swali kwetu ni la kila siku.
Kwa samoni hesabu ni kinyume na mnavyodhani. Wa Atlantiki wa kufugwa ana mafuta kama gramu 13 kwa gramu 100, wa porini kama 6. Huyu anayaweka ndani ya mnofu, si tumboni kama sato, ile mistari myeupe unayoiona kwenye kipande ndiyo mafuta. Chakula chake kina mafuta zaidi ya asilimia 30.
Ila ndani ya hayo mafuta kuna mabadiliko makubwa. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha samoni hapa Norway kilitoka baharini, unga wa samaki na mafuta ya samaki. Kufika 2013 sehemu hiyo ilikuwa karibu asilimia 30. Nafasi ikachukuliwa na soya na mafuta ya rapa. Samaki wa kutengeneza mafuta hawatoshi na bei ilipanda, ndiyo sababu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling walipima samoni wa kufugwa wa Scotland, wakakuta kati ya 2006 na 2015 EPA na DHA zimeshuka kwa nusu. Kwa hesabu yao, mahali ulipohitaji mlo mmoja kwa wiki sasa unahitaji miwili. Na bado, kwa sababu ana mafuta mengi, kipande chake kinakupa EPA na DHA kuliko samaki wengi wa porini.
Kwa hiyo "porini bora, kufugwa baya" haisimami kwa samoni. Wala kinyume chake.

#11 Chakula ni Dawa
#10 unamlinganisha samaki aliyelishwa mafuta ya samaki na sato aliyelishwa pumba. Samoni hata wakipunguza, bado anapewa mafuta ya bahari. Nani Mwanza anampa sato mafuta ya bahari? Hoja yangu iko pale pale.

#12 Mama Kirumba
Naomba niseme jambo la jikoni maana naona wasomi wengi. Mimi nakaanga samaki. Mteja anachagua wa ziwani, analipa zaidi, halafu nakata, natia chumvi, natumbukiza kwenye karai la mafuta ya alizeti mpaka akauke. Hapo mnabishania mafuta gani tena?

#13 Mwanakemia
Mama Kirumba, shikamoo. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Samaki mkavu akikaangwa ndani ya mafuta mengi anapoteza maji na kunywa mafuta ya karai. Akitoka, mafuta mengi yaliyomo ni ya karai. Sato wa ziwani aliyekaangwa kwa alizeti na wa kizimba aliyekaangwa kwa alizeti wanakaribiana sana. Anayetaka kuona tofauti amchemshe au amwoke.

#14 Mama Kirumba
Marahaba mwanangu. Basi wanaonunua wa kuchemsha ndio walipe zaidi.

#15 Mzee wa Nansio
Vijana, nawasoma. Mnasema samaki wa kweli ni sato wa ziwani, kama ndiye wa asili. Sato huyu hakuwepo ziwani zamani. Aliletwa miaka ya 1950, kipindi kile kile sangara naye alipoanza kuletwa. Samaki wa asili wa jamii hiyo hapa walikuwa ngege na mbiru, na ziwani wamekaribia kuisha, wamebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni. Ngege alikuwa mtamu na mafuta yake yalikuwa na ladha ambayo sato hana. Kwa hiyo mnalinganisha mgeni aliyeachiwa na mgeni aliyefungiwa.
Na maji si yale. Zamani ukisimama kwenye mtumbwi unaona chini. Sasa siku nyingine ziwa ni la kijani kama rangi ya kupaka.

#16 Mwanafunzi wa Nyegezi
Mzee wa Nansio shikamoo, hilo la kijani lina uzito mkubwa kwenye mada hii. Mwani wa zamani ulikuwa na daiatomu kwa wingi, na daiatomu ina EPA nyingi. Mbolea na uchafu vilivyoingia ziwani vimeleta bakteria wa kijani-bluu kwa wingi, na hao karibu hawana EPA wala DHA. Kama chini ya ngazi ya chakula pamebadilika, samaki wa juu anapata wapi? Nadharia yangu ni kwamba sato wa ziwani wa leo naye hana mafuta ya sato wa miaka ya 1960. Tunamsifu kwa sifa za marehemu.
Ila sato alibadilisha chakula pia. Siku hizi anakula dagaa wadogo, uduvi wa ziwani na wadudu, si mwani peke yake. Hao wanaweza kumrudishia DHA. Kwa hiyo hata wa ziwani anategemea umemvua wapi: ghubani kwenye kijani au kina kirefu.

#17 Mpemba Halisi
Nyie wa maziwa mna shida kweli. Huku tuna vibua na dagaa wa bahari, kibua mmoja wa bei ndogo ana omega-3 kuliko sato wenu mzima. Hatujadili.

#18 Fundi Vizimba
#17 kibua namkubali. Na mwatiko mnaomfuga kwenye mabwawa ya maji ya chumvi je? Naye hana mafuta ya kufugwa?

#19 Mpemba Halisi
Mwatiko anakula tandu la kijani linaloota chini ya bwawa, maji ya bahari yanaingia na kutoka. Akianza kulishwa pumba nitakuja kulalamika humu humu.

#20 Kijana wa Buzuruga
Hamjagusa homoni. Vifaranga vya kizimba vinalishwa homoni viwe madume tupu. Ndiyo maana wana mafuta. Jike linaweka mafuta kwenye mayai, dume linayaweka tumboni. Na homoni hiyo tunaila.

#21 Fundi Vizimba
#20 umechanganya sahihi na si sahihi. Vifaranga kweli hupewa chakula chenye homoni, lakini ni wiki tatu au nne za mwanzo, wakiwa wadogo kama punje. Baada ya hapo hawapewi tena mpaka wavunwe, na muda huo ni miezi mingi. Tunataka madume kwa sababu wanakua haraka na kizimba hakijazani vifaranga.
La mayai nakubaliana nalo nusu. Jike akitaga anakonda, na sato jike anayatunza mayai mdomoni, kipindi hicho hali vizuri. Wa ziwani wana majike na madume, kwa hiyo sehemu ya "ukavu" wa samaki wa ziwani inaweza kuwa ni uzazi, wala si mazoezi wala chakula.

#22 Mwana wa Ukara
Basi na msimu. Sisi wavuvi tunajua kuna miezi samaki ananona na kuna miezi ni mfupa. Aliyepima mwezi mmoja akaandika "sato wa ziwani ana mafuta haya" amepima mwezi, hajapima samaki.

#23 Mmatengo Bergen
#22 sahihi kabisa. Heringi wa huku anaweza kuwa na mafuta asilimia 2 baada ya kutaga na kupanda hadi 20 akinona.
Halafu kuna jingine la kuwachanganya zaidi. Hapa kuna samaki wa porini, jamii ya chewa wa huku (cod), wanaozunguka vizimba vya samoni kula chembe zinazodondoka. Wakipimwa wanakutwa maini yamenona na mafuta yao yamebeba alama za mimea iliyomo kwenye chakula cha samoni. Ni wa porini, wamevuliwa porini, mafuta ni ya kizimba. Kule kwenu vizimba vinaongezeka. Sato aliyevuliwa hatua chache kutoka kwenye kizimba mtamwita nani?

#24 Mlaji wa Igoma (mleta mada)
Asanteni wote, nasoma kila kitu. #23 hilo sikuliwaza kabisa. Swali dogo la pembeni: kwa nini wa bwawani ana harufu ya tope? Nayo ni mafuta?

#25 Mwanafunzi wa Nyegezi
Ile ni kemikali inayoitwa jiosmini, inatengenezwa na bakteria wa majini na wa udongoni. Inapita kwenye mashavu na kutulia kwenye mafuta ya samaki, kwa hiyo aliyenona anaishika zaidi. Dawa yake ni kumhamishia kwenye maji safi siku kadhaa bila chakula kabla ya kumuuza.

#26 Jaduong' wa Dunga
Ama umweke ndimu na uache stori.

#27 Fundi Vizimba
Nirudi kwenye kiini. Kama mafuta yanafuata chakula, basi yanaweza kurekebishwa. Sihitaji kumlisha chakula ghali tangu kifaranga. Wiki za mwisho kabla ya kuvuna namwondolea mashudu, namwongezea dagaa waliosagwa. Wenzetu wa samoni wanafanya hivyo, #10 atathibitisha. Nitamwita sato wa omega na nitamuuza hivyo.

#28 Mmatengo Bergen
Nathibitisha kanuni, mafuta ya mwisho yanasukuma ya mwanzo taratibu. Kwa samoni ni miezi, kwa sababu ana mafuta mengi ya kubadilisha. Kwa samaki mkavu kama sato huenda ikawa haraka zaidi. Na wapo wanaotumia mafuta ya mwani unaokuzwa kwenye matangi badala ya samaki.

#29 Mama Kirumba
Fundi, subiri. Dagaa hao hao ndio mboga ya watoto wa watu wasioweza kununua sato. Tayari sehemu kubwa inaenda kwenye chakula cha kuku, sisi wauzaji tunagombania na wenye viwanda pale soko la Mwaloni. Dagaa ana hiyo omega yenu tayari, na analiwa mzima na mifupa yake. Umchukue umpe sato, sato akupe kidogo chake, kingine kiishie kizimbani? Mtoto ampate dagaa moja kwa moja.

#30 Chakula ni Dawa
Hapa namuunga mkono Mama kwa mikono miwili. FAO na WHO wanaelekeza mtu mzima apate angalau miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Kwa sato wa kufugwa mwenye kama 90 kwa gramu 100, utakula robo kilo na zaidi ya mnofu kila siku. Kwa dagaa ni sahani ndogo tu, mradi wamekaushwa vizuri. Wale wanaoanikwa mchangani siku nyingi mpaka wanatoa harufu ya mafuta yaliyokaa, omega-3 imeshaharibika kwa jua na hewa.

#31 Fundi Vizimba
Mama Kirumba nimekusikia, na sibishi kuhusu watoto. Lakini mfugaji naye anatafuta soko. Nipeni mbadala basi, maana mafuta ya mwani ya #28 siyaoni yakifika Mwanza kwa bei ya mfugaji.

#32 Mwana wa Ukara
Mbadala upo hapo hapo mjini. Viwanda vya minofu ya sangara vinatoa mafuta ya tumbo kwa wingi, hayo binadamu hagombanii sana. Changanya hayo.

#33 Mwanakemia
#32 wazo zuri, ila tahadhari: mafuta ya sangara yana oleiki na palmitiki kwa wingi, na hizo si omega-3. DHA imo, lakini si kama mafuta ya samaki wa bahari. Na yakikaa kwenye pipa juani yanaharibika kabla hayajafika kizimbani. Yangepimwa kwanza. Nyegezi wana maabara, na kijana wetu #25 yuko huko.

#34 Mwanafunzi wa Nyegezi
Nileteeni sampuli tatu: sato wa ziwani, sato wa kizimba wa mashudu, na sato wa kizimba aliyemaliziwa kwa mafuta ya sangara. Wote wa uzito mmoja, wavuliwe wiki moja, na majike yatenganishwe na madume, la sivyo #22 atatukataa. Naenda kuongea na msimamizi wangu.

#35 Fundi Vizimba
Wa mashudu ninao. Ukara, hayo mafuta yanauzwa kwa lita au kwa pipa, na nani wa kuongea naye?